Nilivyoanza kuweka akiba ya uzeeni nikiwa na miaka 45

Mpango wangu wa ujana ulikuwa nianze nikiwa na miaka 25. Zikaja ada za wadogo zangu, zikafuata za watoto, na katikati hapo tukajenga. Fedha ile ilikuwa na kazi yake. Nilipofika miaka 45 ndipo mshahara ulipoanza kubakiza kitu.

Nilianza na kikokotoo, na jioni ile sikulala mapema. Mtu akiweka 100, ya sarafu yoyote, kila mwezi kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, kuanzia miaka 25 mpaka 60, anafikisha kama 142,000. Akianza na 45, kufika 60 ana 29,000 hivi, yaani humusi moja tu. Lakini nilipousogeza umri wa kustaafu hadi 65, ile 29,000 ikawa 46,000. Miaka mitano ya mwisho peke yake inaleta zaidi ya nusu ya kilicholetwa na ile kumi na mitano ya kwanza, na juu ya hapo inapunguza miaka ya kuishi bila mshahara. Basi tukakubaliana nyumbani: afya ikiruhusu, nastaafu 65.

Ushauri nilioupata zaidi ni kwamba aliyechelewa atafute faida kubwa. Sikuukubali, na mpaka leo naona ni ushauri mbaya. Faida kubwa huja na hatari kubwa ya hasara, na mtaji ukishuka kwa asilimia 50, unahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Kijana ana muda wa kuusubiri urudi, mimi sina.

Nilichokitegemea ni matumizi. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipima historia ya masoko ya kwao akaona kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, fedha zake zingedumu angalau miaka 30. Masoko ya kwingine si kama yale, kwa hiyo mimi huitumia asilimia hiyo kama pa kuanzia tu: mia ukiigawa kwa 4 unapata 25, yaani unahitaji akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka. Sasa angalia. Nikizoea kuishi bila 100 kila mwezi, hiyo ni 1,200 kwa mwaka, na akiba ninayohitaji inapungua kwa 30,000. Na 100 hiyo hiyo, ikiwekwa kwa miaka 15, inazaa zile 29,000. Pengo linazibwa kutoka pande zote mbili. Hakuna hisa iliyowahi kuniahidi hivyo, walau si kwa uaminifu.

Kwa hiyo tulipunguza. Gari la pili liliuzwa, na fedha yake ikamaliza mkopo wa riba ya asilimia 18, kwa sababu kuulipa ni sawa na kupata faida ya asilimia 18 bila kubahatisha. Marejesho tuliyokuwa tukilipa yakageuka akiba: benki huyahamisha siku moja baada ya mshahara kuingia, kabla sijayazoea. Nyongeza ya mshahara ikija, nusu inafuata njia hiyo hiyo.

Jambo gumu lilikuwa kuwaambia watoto kwamba msaada wetu sasa una kikomo. Mwanafunzi anaweza kukopeshwa. Mzee asiye na kipato nani atamkopesha? Mkubwa alinuna kidogo, kisha akauliza na yeye aanzeje.

Nikamwambia aanze kwa kuangalia makato ya mfuko wa uwekezaji anakoweka akiba. Mfuko unaotoza asilimia 2 kwa mwaka huigeuza faida ya asilimia 6 kuwa 4, na katika miaka 20 ile 46,000 inabaki chini ya 37,000. Mimi nilihama mfuko kwa sababu hiyo. Nikifika 60 nitaanza kuhamisha sehemu ya hisa kwenda hati fungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba, kidogo kidogo kila mwaka.