Usiku wa Jumamosi tao na mama

Mama ametimiza miaka 70 na dadangu aliye Dubai akatuma pesa, akasema mpeleke mama mahali pazuri alale, asipike, asioshe hata kikombe. Mimi mawazo yangu yalikuwa Naivasha ama Diani. Mama akakataa zote mbili, Naivasha ameshaenda na wenzake wa chama na bahari anasema inamtia joto. Akasema anataka kulala tao, katikati ya jiji la Nairobi. Tao wapi mama? "Hoteli ya Stanley, pale kona ya Kimathi. Nimepita hapo miaka yote nikienda kazini na ndani sijawahi kuingia."

Mama alikuwa anapiga taipu kwa ofisi ya serikali huko Harambee Avenue, miaka ya themanini na tisini, sisi tukiwa wadogo. Wakati huo hakuna mtu angemzuia mlangoni, ni vile tu mshahara ulikuwa na wenyewe, karo, kodi ya nyumba, unga, na pesa ya kutuma kwetu Taita, Wundanyi, kwa nyanya, sasa chai ya hoteli kubwa ungeiweka wapi.

Basi Jumamosi mchana tukaingia. Mabegi yakapitishwa kwa mashine, mama akavua hadi saa na akaambiwa pole pole mama hiyo acha tu. Ndani kumetulia, mbao za rangi ya giza, viti vya ngozi, picha za zamani za Nairobi ukutani, na mama akasimama mbele ya zile picha muda mrefu kuliko tuliochukua kuandikisha chumba, anatafuta barabara anazozijua. Moi Avenue mpaka leo yeye huiita Government Road, usimrekebishe.

Ile hoteli ilianzishwa na mwanamke, jambo ambalo mimi sikulitarajia kabisa. Anaitwa Mayence Bent, mwaka ni 1902, reli imefika Nairobi miaka mitatu tu nyuma na mji wenyewe ni mabati na matope. Alianza na vyumba vya wageni juu ya duka, Victoria Street, ambayo ndiyo Tom Mboya Street ya leo. 1905 moto ukala, akahamia Government Road kwa jengo ambalo hata halikuwa limekwisha, halafu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia akajenga hapo kona ilipo sasa, Delamere Avenue ikikutana na Hardinge Street. Sasa ni Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Sanamu ya Lord Delamere, mkubwa wa walowezi Wazungu, ilikuwa imesimama hapo hapo mbele ya hoteli, ikaondolewa wakati wa Uhuru, na ukishuka Kimathi Street kidogo leo unamkuta Dedan Kimathi mwenyewe, yule kiongozi wa Mau Mau, sanamu yake ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza wamnyonge. Mimi nimepita kwa ile sanamu sijui mara ngapi nikikimbilia matatu na ile tarehe sikuwahi kuisoma.

Na hapo ndipo nilianza kuelewa mama alikuwa anataka nini. Sisi watu wa Nairobi tao hatukujui. Tunakujua kwa kukimbia, asubuhi unashuka Kencom ama Railways unakimbia, jioni unakimbia tena kabla steji zijae na nauli ipande, mkoba umeushika mbele, simu imefichwa. Ikifika saa tatu usiku anayebaki ni askari wa zamu na wale wa kupanga bidhaa chini. Kulala tao ni kitu cha watalii na wabunge. Sasa fikiria unasimama dirishani jioni, watu wanapungua huko chini, makanga wanaita abiria wa mwisho, na wewe hauendi popote, safari yako imeisha. Mama alivuta kiti dirishani na hata televisheni hakuiwasha.

Tulishuka kula pale Thorn Tree, mkahawa ulio chini, ulifunguliwa 1959. Katikati kuna mgunga wa gome la manjano. Zamani wasafiri walikuwa wanabandika barua hapo, mtu ametoka Cairo kwa barabara anamwachia mwenzake ujumbe kwamba nimeenda Mombasa nifuate, na barua inangoja hapo mpaka mwenyewe afike. Mama anakumbuka kuona Wazungu wa mabegi ya mgongoni wamesongamana hapo wakisoma vikaratasi. Weita, kijana mpole sana, akamwambia mti huu si ule wa kwanza, ni wa tatu, mama akamuuliza na ile ya kwanza ilikufa na nini, wakaanza maongezi yao ya miti mpaka chakula changu kikapoa. Mama siku hizi ni mkulima, usimwanzishie.

Kuna baa pia inaitwa Exchange, na jina halikuja hivi hivi. Soko la hisa la Nairobi, yaani Stock Exchange, lilipoanza 1954 halikuwa na jumba, mawakala walikuwa wanakutana hotelini hapo wananunuliana hisa wakinywa kahawa. Mwafrika hakuruhusiwa kununua hisa, na Mhindi pia, mpaka Uhuru uje. Sasa hapo nilinyamaza kidogo, manake mama amezaliwa 1955. Viti ni vizuri na huduma ni ya upole na nilifurahia kila kitu, nasema kweli, lakini mwanamke aliyeketi mbele yangu na leso yake begani amezaliwa wakati ambapo katika chumba kama kile angeingia na trei tu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nilitaka kukaa."

Jumapili ndiyo siku nitakayoikumbuka mimi. Adhana ya alfajiri ikasikika kutoka Jamia, mama alikuwa ameshaamka, akasema twende tutembee kabla watu hawajaamka. Kenyatta Avenue ilikuwa tupu, ile barabara pana vile, wanasema ilipimwa ili mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka, na asubuhi hiyo unaiamini hiyo hadithi kwa sababu upana wake unauona wote. Muuza magazeti alikuwa anapanga zake chini. Tukafika kwa zile sanamu tatu za askari, unazijua, za shaba, mtu mwenye bunduki na mwenzake na yule wa tatu ambaye ni mpagazi. Ziko hapo tangu 1928. Mama amezipita miaka yote ile ya kazi.

Safari hii akasoma. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanasema ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, vita vile vya 1914 hadi 1918. Na kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Mama akasoma kwa sauti, pole pole, halafu akazunguka upande wa nyuma, akarudi, akaniuliza, "Majina yako wapi?"

Hakuna majina. Walikufa wapagazi makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na magonjwa kuliko risasi, na pale hakuna jina hata moja lao.

Ndipo akaniambia kitu ambacho miaka yangu yote sikuwahi kukisikia. Kaka ya babu yake alichukuliwa huko Taita, akabebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kupelekwa upande wa Wajerumani, hakurudi. Vita vilifika kwetu mapema, Taveta ilishikwa na Wajerumani mwezi wa nane 1914 na mapigano ya Salaita yakawa 1916, kwa hivyo vijana wa milimani walikuwa karibu kuchukuliwa. Mama aliambiwa hiyo habari na nyanya yake akiwa mtoto na hakuna aliyemuuliza tena.

Hapo ndipo naona uchungu hizi hoteli za tao zikifungwa. InterContinental ilifunga 2020, Hilton ule mnara wa mviringo uliofunguliwa 1969 ukafunga mwisho wa 2022, hela zinakimbilia mitaa ya nje ya tao, Westlands na Upper Hill, na huko kuna vyumba vizuri sana lakini ukitoka asubuhi utakutana na nini, ni geti na barabara ya magari. Sisemi Stanley ni ya kila mtu, bei si ya kila mtu, bila dadangu tusingelala hapo. Lakini mji ambao hakuna mwenyeji anayelala katikati yake nani atausoma?

Tukarudi tukala kiamsha kinywa, mama akachukua mihogo akaacha mayai. Mchana tukapanda matatu nyumbani. Jumatatu akampigia mjomba wake aliye Wundanyi, ana zaidi ya miaka 90 na kichwa chake bado kiko sawa, amuulize yule kaka ya babu aliitwa nani. Mjomba amesema jina analo, na la baba yake, na la kijiji alikochukuliwa, ila kwa simu hataki kusema, anataka twende. Tunaenda mwezi ujao, nimeshanunua daftari.