Nilivyopata chumba na kazi Dar bila dalali

Nimetulia sasa: chumba Kimara, kazi dukani Kariakoo, mwendokasi asubuhi. Naandika kwa anayehama kutoka mkoani.

Kila chumba nilichokimudu, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye mwezi wake mmoja. Kazini nako wanataka mdhamini na barua ya serikali ya mtaa unaoishi. Matangazo ya mtandaoni yalinichosha tu. Ukifika, chumba kimeshachukuliwa.

Kilichonitoa ni barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa wetu Mbeya. Hakikisha imebandikwa picha yako, na muhuri umegongwa nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Mjumbe wa Kimara, nilikofikia kwa shangazi, aliukagua muhuri huo kwanza, kisha akanipeleka mwenyewe kwenye nyumba yenye chumba wazi. Kwa kuwa mjumbe ananijua, mwenye nyumba alikubali miezi mitatu. Kwa mkataba wa chumba hicho ofisi ya mtaa ikaniandikia barua ya mkazi, shangazi akanidhamini, nikaanza kazi.

Kabla ya kulipa, uliza kama LUKU (mita ya umeme) ni yako peke yako au ya kuchangia.