Nyoka kwenye avoka

Leo asubuhi hapa kwetu Bukavu nimeamshwa na kelele: "Nyoka! Leteni panga!" Natoka, namkuta kwenye avoka (mparachichi) ya jirani, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, kijani kibichi, macho makubwa yenye mboni ya duara. Mguu wa chura bado unaning'inia mdomoni! "Papa, ngoja kwanza," nikamwambia mwenye panga. Nilimtambua: jamii ya Philothamnus (nyoka wa kijani wa vichakani), hana sumu, huwinda vyura na mijusi mchana. Lakini hata mimi sikumsogelea (nina watoto), maana wapo wa kijani wenye sumu kali na kwa mbali wanafanana. Akateleza juu, akapotea majanini. Papa karudisha panga, ila avoka leo hachumi.