Kilo za tezini utazivuta barabarani

Jumamosi moja usiku nilikuwa nyumbani Boko, Dar es Salaam, nimepiga magoti nyuma ya Hilux, mzani wa mke wangu wa kujipimia uzito umekaa chini ya kichwa cha trela, shemeji ananimulikia kwa simu. Mzani ulisoma kilo 31. Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumeupitisha mzigo wote, yaani boti, mashine, mafuta, betri, nanga, kasha la barafu na trela lenyewe, kwenye mzani wa magari wa muuza vyuma chakavu, tukapata kilo 830. Trela la boti linataka kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito huo uegemee kwenye gari. Langu halikufika hata asilimia 4. Ndiyo maana wiki mbili kabla, tukielekea Tegeta kwa mwendo wa 70, lori lilipotupita trela lilianza kupiga mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka nikadhani boti tunaiacha mtaroni. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma.

Naandika haya kwa sababu watu wananiuliza mara kwa mara mashine gani inafaa boti ndogo ya kuvulia, na karibu wote wanaanza na nguvu za farasi ngapi. Ataivuta vipi, ataishushia wapi, hayo hayaulizwi. Hata mimi sikuyauliza.

Boti yenyewe ni ya faiba, futi 17, tumbo la V isiyo kali, ikiwa tupu ni kama kilo 380. Kazi yake ni moja: kutupeleka mimi na shemeji, na siku nyingine mwanangu, tukavue chewa kwenye miamba, na nguru wakati wa kaskazi, halafu jioni irudi nyumbani. Tunashukia Kunduchi. Visiwa vya Mbudya na Fungu Yasini tunavipita tu, maana ni hifadhi za bahari tangu 1975; mishipi yetu tunaishusha nje zaidi. Huko kurudi nyumbani ndiko kunakohitaji trela. Wavuvi wa Kunduchi wanaviacha vyombo vyao pwani, lakini wao wanaishi pale pale, na mashine wanazifungua jioni wanakwenda nazo. Mimi nikiiacha yangu usiku kucha bila mlinzi, asubuhi huenda nisiikute.

Kabla sijanunua chochote nilikwenda kumwona mzee mmoja pale Kunduchi aliyevua na marehemu baba yangu. Nikamwamkia, akanikalisha juu ya ngalawa iliyopinduliwa, nikamweleza ninachotaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mashine hainunuliwi kwa kuisikia ikinguruma. Niambie tezi ya chombo chako ina kimo gani."

Sikuwa na jibu. Akaokota kijiti, akachora mchangani ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya chombo, akaweka mstari wa maji. Alitaka vipimo viwili: kutoka ukingo wa juu wa ubao, pale mashine inaponing'inia, hadi chini kabisa kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kutoka usawa wa maji hadi ukingo huo, chombo kikiwa kimepakia. "Hivyo viwili ndivyo vinavyochagua mashine," akasema. "Wewe kazi yako ni kulipa."

Laiti ningerudi nyumbani siku ile ile nikapima. Badala yake nilikwenda kwenye duka moja lililokuwa na mashine iliyotumika, tustroki (ile inayochanganywa oili kwenye petroli) ya farasi 40, nikaambiwa ni ya mguu mrefu, nikalipa. Mguu ni ile sehemu ya mashine inayoshuka majini; mrefu ni inchi 20, mfupi ni inchi 15. Ubao wa tezi yangu una inchi 20 kamili. Siku ya kwanza baharini, boti ikinyooka mbele kidogo inakwenda, lakini kila nikikata kona au tukipanda wimbi, mashine inapiga kelele kama imekatika kitu na boti haisogei. Pangaboi, ile feni ya chini inayoisukuma boti, lilikuwa linachota hewa badala ya maji. Tuliporudi nikaweka futi kamba: lile bati bapa lililo juu ya pangaboi, ambalo linatakiwa kuwa sawa na chini ya boti au kupishana nalo kidogo tu, lilikuwa inchi 5 juu yake. Nilikuwa nimeuziwa mguu mfupi.

Nikafungua na skrubu ya chini ya gia boksi. Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo imeingia maji, sili zimekwisha. Dukani hawakutaka kuirudisha, na risiti yangu haikuandikwa urefu wa mguu. Niliiuza kwa hasara kwa mtu mwenye dau la tezi fupi, nikamwonyesha ile oili na kumweleza hali ya sili kabla hajatoa hela.

Kwa hiyo ukienda kununua iliyotumika, chukua futi kamba na bisibisi pana, uende na fundi mwenye geji ya kompresheni. Mgandamizo wa mitungi ya mashine usipishane zaidi ya asilimia 10. Ukikuta mmoja unasoma 120 na mwenzake 95, ondoka, hata kama rangi inang'aa. Mwaga oili ya gia kwenye kopo uione kwa macho. Ukiiwasha, angalia inavyokojoa: ule mchirizi wa maji ya kupozea utoke kwa nguvu bila kukatika. Na urefu wa mguu uandikwe kwenye risiti.

Sasa tustroki au fostroki, ile isiyochanganywa oili kwenye petroli. Hapa pwani Enduro ya Yamaha ya farasi 40 ndiyo utakayoiona kwenye vyombo vingi, na ina sababu. Ni kabureta, haina kompyuta, fundi yeyote anaifungua, vipuri havisumbui. Wakati wa kuizoesha inataka oili nyingi zaidi, baadaye ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, unavuta kamba, unaondoka. Uzito wake ni chini ya kilo 80. Anayeishi kwa bahari, anayetoka kila alfajiri na kurudi na kapu, mimi sina hoja ya kumtoa kwenye mashine hiyo.

Mimi natoka mara mbili au tatu kwa mwezi, na nikitafuta nguru nakokota mshipi saa nyingi mfululizo kwa mwendo wa polepole. Tustroki kwenye mwendo huo inatoa moshi unaorudi usoni upepo ukiwa nyuma yenu, na plagi zinaingia masizi. Rafiki yangu ana boti inayolingana na yangu yenye tustroki. Tulitoka pamoja siku moja, njia moja, saa zile zile, tukajaza matangi kituo kimoja tuliporudi: yeye lita 38, mimi lita 25. Nilichukua fostroki mpya ya farasi 40, mguu mrefu, na nimeridhika nayo. Bei siandiki, maana inabadilika na dola kila ukirudi dukani. Ila ujue unachokinunua: injekta zisizovumilia petroli yenye maji, kwa hiyo nimefunga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, na uzito unaokaribia kilo 100, wote ukining'inia nyuma ya ubao wa tezi.

Kilo 20 za ziada zinaonekana chache ukiwa dukani. Nilichora mstari wa penseli tezini kabla ya kufunga mashine na baada yake. Boti ilikuwa imekaa chini kiasi kwamba mawimbi ya nyuma, yale ya kusi tunaporudi, yalikuwa yanagonga karibu na ukingo. Nilihamisha betri mpaka chini ya kiti cha katikati na tangi la mafuta mbele yake, nikarefusha nyaya na mpira wa mafuta. Mstari ukapanda. Kazi ya siku moja, na ningeifanya hata kama ingechukua wiki.

Kitu kingine ambacho hakuna duka lililonieleza ni pangaboi. Mashine ilikuja na pangaboi la pichi 13, yaani lingesonga mbele inchi 13 kwa kila mzunguko wake. Tukiwa watatu na barafu imejaa, nikifungua mafuta yote, saa ya mizunguko ilikuwa inaishia 5,100 kwa dakika, wakati mashine hii inatakiwa ifike kati ya 5,000 na 6,000. Iko ndani, lakini chini kabisa, na boti ilikuwa inachelewa kuinua kifua. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza inaongeza kama mizunguko 150 hadi 200. Nikaweka pichi 11, ikafika 5,450 na mzigo ule ule, na sasa boti inaruka juu ya maji kabla sijamaliza kusogeza mkono. Wanaotaka farasi 60 kwenye boti kama yangu nawasihi wajaribu pangaboi kwanza.

Narudi kwenye trela, kwa sababu huko ndiko zile kilo zote zinakojumlishwa.

La kwanza lilichomelewa kwa skwea bomba nyeusi na kupakwa rangi. Lilikuwa zuri kwa miezi minane. Maji ya chumvi yaliingia ndani ya bomba kupitia matundu ya bolti, hayakupata pa kutokea, chuma kikaliwa kutoka ndani wakati rangi ya nje bado inang'aa. Siku moja niligonga na nyundo karibu na springi, nyundo ikapita. La sasa ni chuma cha umbo la U, kilichochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa, si kabla. U iko wazi. Unaimwagia maji baridi na unaona imesafika. Boti inalala juu ya mbao mbili ndefu zilizovalishwa zulia, na mbao hizo zinafika mpaka chini ya ubao wa tezi wenyewe. Hilo sikubaliani na fundi yeyote anayelifupisha. Mashine ya kilo 100 ikining'inia nyuma ya mahali mbao zilipoishia, kila shimo la barabara linaupinda ubao wa tezi.

Ndiyo maana, usiku ule wa mzani, sikutaka kuisogeza boti mbele. Ingeongeza uzito kwenye gari, lakini tezi ingebaki hewani. Tuliihamisha ekseli. Kutoka kichwa cha trela hadi ekseli palikuwa na mita 4.2. Fundi alilegeza bolti za U, akairudisha nyuma sentimita 20, akapima pande zote mbili ili isikae mshazari, akakaza. Tukaweka mzani tena: kilo 67. Asilimia 8. Kesho yake tulipita sehemu ile ile ya barabara, mwendo ule ule, malori yakatupita mawili, trela likafuata kama limeshonwa na gari.

Makaratasi usiyaache nyuma: boti ina usajili wake TASAC, shirika la uwakala wa meli, na trela lina namba zake kutoka TRA.

Kushusha pwani kuna elimu yake. Maji ya bamvua hapa kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa unabaki na mchanga laini mrefu kati ya gari na bahari. Nashusha maji yanapojaa, yakiwa katikati, ili hata nikikwama bahari inakuja kunisaidia boti na si kunikimbia. Napunguza upepo wa tairi. Gari haliingii majini: nalifungua trela, nalishusha kwa kamba nene ya mita 10, halafu Hilux inalivuta ikiwa kwenye mchanga mkavu.

Halafu beringi. Ukitoka barabarani haabu, kitovu cha gurudumu chenye beringi, imepata moto. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi hapo hapo, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji ya chumvi kupita kwenye sili. Grisi inageuka uji. Ya kwangu ya kulia ilikufa hivyo pale Tegeta Kibaoni, na nilichosikia kwanza ni harufu ya grisi iliyoungua, kabla ya mlio wowote. Sasa napaki Kunduchi nusu saa kabla ya kushusha. Tunafunga mishipi, tunakunywa chai.

Tukirudi nyumbani mashine inaoshwa kwa maji baridi ndani yake dakika 15. Angalia maji unayotumia. Kisima changu kina chumvi, ukionja unaihisi, na kwa miezi kadhaa nilikuwa naisafisha mashine kwa chumvi nyingine. Sasa naweka maji ya DAWASA kwenye simtanki kwa ajili ya mashine na trela.

Jumamosi iliyopita tulisimama Mtongani, pale Kunduchi, kama kawaida, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye haabu ya kushoto, kisha ya kulia. Zote vuguvugu, zinalingana. Mwanangu naye akashuka akazishika, akaniuliza zikiwa za moto kabisa tunafanya nini. Nikamwambia tunageuza gari, nguru watakuwepo wiki ijayo.