Mikoko yetu ya kwanza ilikufa karibu yote

Mimi kwetu Kisiwa Panza, Pemba, ukifika Chokocho unavuka kwa chombo. Bonde la bibi nimelikuta lina mpunga, sasa hivi ukienda chumvi imetanda juu nyeupe kama unga wa muhogo, bamvua kubwa (yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) likija maji yanaingia mpaka ndani kabisa. Mikoko iliyokuwa inatukinga tumeikata wenyewe jamani tusidanganyane, boriti, kuni, kuchomea chokaa.

Basi tukaunda kikundi, kinamama wengi na vijana wachache. Ukaja mradi mmoja, siutaji, wao shida yao idadi tu, leo miche mingapi, pigeni picha, saini posho, kwaherini. Tukachomeka mbegu za mkoko kila mahali hadi kule mbele kunakopigwa na mawimbi, na wengine walizichomeka kichwa chini maana hakuna aliyewaambia ncha kali ndo inaenda kwenye tope. Miezi mitatu baadae nimeenda kuangalia, vijiti vimekauka, vingine vinaelea, vingine kaa wameshavitafuna, nilitaka kulia wallahi.

Ami yangu, ambae ujana wake wote alikuwa akikata boriti, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mmempeleka mkoko nyumba ya mlilana, atakaaje?" Maji yalipotoka akatutembeza, kumbe mikoko ni aina nyingi na kila aina ina pahala pake: mbele kabisa mlilana, nyuma yake kwenye tope laini ndo mkoko wenyewe, halafu msinzi na mkandaa, na huko juu panapofikiwa na bamvua tu ni mchu (japo mchu mtundu, hata mbele unaukuta). Mbegu nazo akatukataza kuzivuta, ukiigusa ikaachia yenyewe ndo imekomaa. Ya mkoko unaizamisha kama theluthi hivi, inatosha. Ya mchu ni kama kunde kubwa, haichomekeki, hiyo tukaiotesha kwenye viriba kwanza.

Ila kilichonishangaza zaidi ni pale nyuma kwenye tuta. Watu walijaza udongo zamani wapate njia, kumbe maji ya bamvua yakivuka hayana pa kutokea, yanakaa yanakauka chumvi inabaki, hapo ungepanda hata miche milioni ingekufa tu. Tukachimba mfereji kwa majembe siku nne, bila posho, na nusu ya kikundi hawakutokea. Maji yakaanza kuingia na kutoka, na msimu uliofuata mikandaa ikaota yenyewe, hatukuipanda sisi, mbegu zililetwa na maji!

Mpunga bado haujarudi, chumvi haiondoki kwa mwaka mmoja. Lakini mikoko ya mwanzo kuishi sasa inanifika kiunoni na kaa wale wakubwa wa matope washaanza kuonekana. Ami juzi kapiga simu analalamika eti tumepanda mpaka njia anayopitishia dau lake, nimemwambia ami nisubiri Jumamosi nije niihamishe hiyo miche.