Bampa ya Land Rover haipigwi silva

Jamani hili naomba tuelewane. Land Rover yangu ni Series III ya 1974, nimeachiwa na baba, na kabla haijafika kwangu kuna gereji moja iliipiga bampa ya mbele silva, na zile kingo za chuma za bodi ya nyuma nazo, eti ing'ae. Haikumaliza miaka miwili rangi ikawa inabanduka kama gome la mpera. Na lazima ibanduke, chini yake kuna zinki, na rangi ukiipiga kwenye zinki bila praima yake (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) inakaa juujuu tu.

Ule ukijivu uliopoa ndio finishi yake ya kiwandani. Bampa ya chuma inachovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto kama digrii 450, yaani kazi ileile ya bati la nyumba. Likiwa jipya linang'aa, likipigwa na hewa na mvua linafifia, na huko kufifia ni ngozi inayoilinda zinki isiliwe haraka. Hata ukiikwaruza, inaliwa zinki kwanza, chuma kinabaki. Halafu kumbuka bodi ya Land Rover ni alumini, na chuma kitupu kikigusana na alumini penye unyevu alumini inaoza inatoa ule unga mweupe, kwa hiyo zinki pale kati ina kazi kubwa sana siyo urembo.

Kwa hiyo ukimwona fundi anakuja na grainda kwenye bampa mzuie kwa mikono miwili! Mimi nimetumia rimuva ya rangi, kipande cha plastiki cha kukwangulia na brashi ya nailoni, jumamosi mbili nzima, ila ile silva ilipotoka nikaikuta zinki nzima kabisa, na kwa pembeni bado unaona yale maua yake kama ya kwenye bati. Nilifurahi nikampigia mama simu.

Bolti na nati ndo zilikuwa na kutu kweli. Hizo nimeziloweka kwenye molasi, ile ya kulishia ng'ombe, sehemu moja molasi kwa tisa maji, wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko (inanuka, weka mbali na nyumba). Inakula kutu inaacha chuma. Ila usitumbukize kabureta wala kitu chochote cha alumini au cha zinki humo, kitaliwa.

Zikitoka unaziosha, unatoa grisi yote, hapa usifanye haraka maana penye grisi zinki haishiki, kisha nazipaka zinki mwenyewe kwa umeme: siki, chumvi ya Epsom, sukari kidogo, bolti kwenye hasi, kipande cha zinki kwenye chanya, na zinki naipata kwenye kopo la ndani la betri kavu za tochi za zamani, nikishalisafisha vizuri. Umeme uwe mdogo, ukizidisha zinatoka nyeusi na zinamomonyoka kama majivu. Uwe unazigeuza pia, upande usioangalia zinki haupati kitu. Fanyia nje, kuna gesi inatoka. Zikiwa tayari zina ukijivu uliolala, unapitisha brashi laini ya shaba basi zinafanana kabisa na zilizokuwa pale.

Bolti za stelingi na breki sizigusi, chuma kigumu kikipita kwenye asidi au umeme kinaingiwa na haidrojeni kinakuwa chepesi kukatika, hizo nunua mpya. Na usichomelee wala usipashe moto kitu chenye zinki ukiwa ndani, ule moshi mweupe unaleta homa.

Sasa zimebaki kingo mbili za nyuma ambazo kutu imeshatoboa zinki, hizo mpaka zikachovywe upya, na kwa sababu ni nyembamba naogopa joto lisizipinde, kwa hiyo natafuta kwanza kiwanda kitakachokubali kuzichovya zikiwa zimening'inizwa wima. Bampa nimeshaifunga. Iko kijivu.