Sisi wa mlimani Igogo
Jana jioni nilikaa juu ya jiwe hapa Igogo, Mwanza, kuwasikiliza vijana wa chama wakieleza mpango wao: maghorofa ya bei nafuu, viwanda, ajira. Nilifurahi, kweli. Ila mimi nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Saa kumi alfajiri nashuka mlima na beseni kichwani, na mvua ikinyesha maji yanaporomoka katikati ya nyumba zetu. Nikasimama nikauliza: ngazi, mitaro na hati za viwanja vyetu, je? Nikiwa na hati naweza kuweka nyumba rehani benki, nijenge chanja zangu za kuanikia dagaa. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, hapo umesema." Kijana aliandika swali langu kwenye daftari. Jumamosi nitamfuata anijibu.